Baiskeli na waenda kwa miguu: nani ampishe mwenzake?

Swali: Shikamoo fundi. Mimi nasambaza mikate kwa baiskeli hapa Tanga. Kila alfajiri natoka Makorora, napita Ngamiani, namalizia sokoni. Wiki iliyopita nilikuwa nakaribia soko, nimeshika upande wa kulia wa barabara kwa sababu duka ninaloshushia liko upande huo. Mbele yangu alikuwepo bibi mmoja na kapu la nyanya. Nikapiga kengele. Akahama, lakini akahamia kulekule nilikotaka kupita. Kreti la mikate likakwangua kapu, nyanya zikamwagika, nikatukanwa hata na watu wasiohusika. Trafiki aliyekuwa pale akaniambia baiskeli ni chombo, mahali pake ni barabarani. Lakini barabarani malori yananibana hadi pembeni, na pembeni ndiko waliko watu. Mpwa wangu yuko London, anasema huko ukiendesha baiskeli kwenye njia ya miguu unatozwa faini. Sasa nani ampishe mwenzake? Na kama kengele nilipiga, kosa langu lilikuwa lipi? Tena nina binti wa miaka 12 anaomba baiskeli ya kwendea shule. Nimpe?

Jibu: Marahaba mwanangu. Trafiki alisema kweli, na bibi alikuwa na haki ya kukasirika. Wewe umeng'ang'ania kengele, lakini kengele siyo iliyokuponza. Kilichokuponza umekitaja mwenyewe na kukipita haraka: ulikuwa umeshika kulia.

Hapa kwetu vyombo vinakwenda kushoto. Baiskeli haina injini wala namba, lakini ni chombo, na anayeipanda anafuata kushoto kama wenzake wa gari na pikipiki. Mtembea kwa miguu, pale pasipokuwa na njia yake, tunamfundisha kinyume chake tangu darasa la kwanza: atembee kulia, ili gari lililo karibu naye aone linakuja. Sasa ziweke kanuni hizo mbili pamoja uone zilivyopangwa kwa akili. Mwenye baiskeli akishika kushoto, na mwenye miguu akishika kulia kwake, wanakutana uso kwa uso. Wanaonana kutoka mbali. Mmoja anapunguza, mwingine anasogea, wanasalimiana, safari inaendelea. Hakuna anayemjia mwenzake mgongoni.

Wewe uliposhika kulia uliuvunja mpango wote huo. Bibi alikuwa amefanya kila alichofundishwa: yuko kulia, macho yako mbele kwenye magari yanayomjia. Nyuma yake, kwa kanuni, hapakupaswa kuwa na chombo kinachokuja upande ule. Halafu ghafla kengele inalia kisogoni. Atajuaje unapita mkono gani? Mwili wa binadamu ukishtushwa kwa nyuma hugeuka nusu, na mguu mmoja hufuata kule bega lilikogeukia. Akakanyaga njia yako. Ungekuwa wewe ungefanya hivyohivyo.

Nawasikia wapanda baiskeli wakijitetea: ni hatua chache tu, duka liko palepale. Hizo hatua chache zina hatari nyingine ambayo hukuitaja. Ukishika kulia, bajaji inayokuja inakuja usoni kwako, na ukiikwepa huna pa kukwepea ila kwa watu. Kwa hiyo duka likiwa kulia, nenda na kushoto kwako mpaka ulifikie, simama, shuka, tazama, vuka ukiikokota baiskeli. Kama kuna zebra jirani, vukia hapo. Mikate haipoi kwa muda huo.

Nani ampishe mwenzake? Mwenye baiskeli anampisha mwenye miguu. Kwenye zebra hilo halina mjadala: mtu akishaweka mguu, unasimama kama gari linavyotakiwa kusimama, hata kama magari yenyewe hayasimami. Nje ya zebra mtu naye ana wajibu wake, hatakiwi kuchomoka tu katikati ya barabara. Lakini akichomoka, wewe ndiye uliyekuwa na mwendo, na breki ziko mikononi mwako. Yeye hana breki.

Mpwa wako amekueleza sawasawa. Uingereza kuendesha baiskeli kwenye njia ya waenda kwa miguu iliyo kando ya barabara kumekatazwa kwa sheria ya mwaka 1835, na askari anaweza kukutoza pauni 50 papo hapo. Kuna njia za pamoja, zenye alama zake, ambako baiskeli na miguu wanaruhusiwa wote. Januari 2022 mwongozo wao wa barabarani ulirekebishwa, wakaandika wazi jambo ambalo wazee wetu hawakuhitaji kuandikiwa: anayeweza kumuumiza mwenzake zaidi ndiye mwenye wajibu mkubwa zaidi wa kujihadhari. Lori kwa gari dogo, gari kwa baiskeli, baiskeli kwa mwenye miguu. Pia ukimpita mtu usimpite karibu wala kwa kasi, hasa ukimtokea nyuma.

Usidhani ni ukali wa Wazungu tu. Mwaka 2016 mwanamke mmoja alikuwa anavuka barabara London, akagongwa na baiskeli, akafa kwa majeraha ya kichwa. Baiskeli ile haikuwa na breki ya mbele. Mwaka uliofuata kijana aliyeiendesha alihukumiwa kifungo cha miezi 18, kwa sheria ya mwaka 1861 iliyotungwa enzi za magari ya farasi. Nakutajia kisa hiki kwa sababu ya ile breki. Kila wiki naletewa baiskeli zilizong'olewa breki ya mbele, mwenyewe anasema inamrusha. Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha baiskeli. Ya nyuma inasaidia.

Tuingie kwenye mwendo, maana hapa ndipo watu wanapojidanganya. Mtu anatembea kama kilomita 5 kwa saa. Wewe na mikate yako, barabara ikiwa tambarare, unakwenda kama 15 bila kutoka jasho. Macho yanapoona hatari mpaka vidole vikamate breki, sekunde moja imekwenda, na kwa mwendo huo sekunde moja ni mita 4 na ushee. Breki nzuri, lami kavu, zinahitaji karibu mita 3 nyingine. Jumla mita 7. Ukiwa na kilomita 25 kwa saa, kwa mfano unateremka, jumla inafika kama mita 15. Ukishuka hadi 10, mita 4 zinakutosha. Tazama mwenyewe: mwendo haujafika mara mbili, kutoka 15 hadi 25, lakini umbali wa kusimama umezidi mara mbili. Pengine pale sokoni, kati yako na bibi hapakuwa na mita 7.

Na hesabu hiyo ni ya breki nzuri na lami kavu. Baiskeli yako, kwa kazi unayofanya, naamini ni ile nzito ya rimu za chuma, breki za vyuma vinavyovuta mpira kwenye rimu. Ni chombo kigumu, nakiheshimu, kinabeba gunia bila kulalamika. Lakini rimu ya chuma ikilowa, mpira unateleza juu yake kama sabuni. Mzunguko wa kwanza wa gurudumu, na wa pili, unafuta maji tu, bado hausimami. Siku ya mvua, na kreti limejaa, zile mita 7 zinaweza kuzidi 10. Mvua za masika zikianza, gusa breki kidogo kidogo kabla hujafika penye watu, ili rimu zikauke kabla hujazihitaji.

Kabla ya kupakia mikate, fanya hivi. Kamata breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele. Gurudumu la nyuma linyanyuke au baiskeli igome kabisa. Kamata ya nyuma, sukuma tena, tairi liburuzike. Baiskeli ikitembea huku umekamata, mpira umekwisha au vyuma vimelegea. Na kama breki zako ni zile zinazobana rimu ubavuni, angalia mpira unapogusa: uguse rimu, usiguse tairi. Nimeona tairi zimechanika ubavuni kwa mpira uliopanda juu kidogo, na tairi likipasuka penye msongamano hutachagua unakoangukia. Kubadilisha mpira wa breki hakufiki bei ya nyanya za bibi yule.

Sasa kreti. Hebu lipime. Kreti la mikate likikaa kwa upana juu ya keria linatoka nje kuliko usukani, na wewe unapopita mahali jicho lako linapima usukani. Usukani ukipita unaamini umepita. Kreti liko nyuma, hulioni, linakuja kukwangua kile ambacho mkono wako umekikosa. Ndivyo kapu lilivyopatikana. Ligeuze, likae kwa urefu. Kama ni lazima likae kwa upana, funga kipande cha kitambaa cheupe kwenye kijiti upande wa kulia na wa kushoto kwenye usukani, upana uleule wa kreti, ndipo macho yapime sawasawa. Wauza mkaa wanalijua hili kwa kuumia. Na ufunge kwa mpira wa tyubu uliokazwa, usitegemee uzito wa mzigo kujishikilia. Mzigo unaocheza ukipiga kona unakuvuta uende unakoelekea wenyewe.

Kengele nayo ina wakati wake. Wengi wanaipiga wakiwa wameshafika, na hapo inakuwa ni kumshtua mtu badala ya kumwambia. Piga ukiwa mbali, mita 10 au zaidi. Ukiwa na kilomita 15 na yeye 5, mita 10 zinampa kama sekunde tatu: ya kusikia, ya kuelewa, ya kusogea. Kisha ngoja uone amefanya nini. Kengele haikupi ruhusa ya kupita. Imemwambia upo, basi. Ruhusa unaipata akishatulia upande mmoja na wewe una nafasi ya kama mita moja kati yenu. Kama mita hiyo haipo, mwendo wako uwe wa miguu au mguu wako uwe chini.

Halafu kuna suala la adabu, na pwani hili si dogo. Kumpigia mtu mzima kengele mgongoni, kri kri kri mfululizo, ni kama kumfukuza. Sauti ya mtu inafaa zaidi, kwa sababu inamweleza kitu ambacho kengele haiwezi: unapita wapi. "Shikamoo bibi, napita kulia kwako." Mara nyingi anasimama palepale, anaitikia, unapita. Kwa watu wengi pamoja, wapagazi wa zamani na wenye punda walipaza "Simile! Simile!" na watu wakajua kuna mzigo unakuja. Hata leo ukiita hivyo Ngamiani utapishwa, huku wakikucheka. Kitu kimoja usifanye: usifunge honi ya pikipiki kwenye baiskeli, wala spika ya muziki. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri barabarani unataka baiskeli iwe na kengele na isiwe na king'ora kingine chochote, na sababu yake ni nzuri. Mtu akisikia honi ya pikipiki anakwepa pikipiki, anaruka mbali na haraka, pengine mtaroni.

Wawili wanaotembea pamoja ukiwapigia kengele wanaachana, mmoja huku mmoja kule, halafu mmoja anabadili mawazo anarudi kwa mwenzake. Subiri arudi ndipo upite. Vijana wenye vipokea sauti masikioni hawakusikii kabisa. Wachukulie kama viziwi. Mwenye fimbo nyeupe anakusikia vizuri kuliko wote, lakini hajui upana wako: sema uko wapi, na kama njia ni nyembamba simama yeye apite. Mama mwenye ndoo ya maji kichwani hawezi kugeuza shingo. Akitaka kukuona anageuka mwili mzima, polepole, na akiwa amebeba mzigo mrefu, kuni au miwa, ncha ya nyuma inafagia njia nzima kwenye kimo cha uso wako. Huyo usimwite ukiwa karibu. Baki nyuma mpaka pawe pana.

Watoto wadogo hawahitaji kengele hata kidogo. Ukimpigia mtoto kengele atasimama katikati akukodolee macho, au atakimbilia kwa mama yake, na mama yuko upande wa pili. Ukiona mtoto, punguza mwendo. Ukiona mpira unavuka barabara, funga breki kabla hujamwona anayeufuata.

Pale penye daladala nataka uwe mkali kuliko mahali pengine popote. Mlango wa daladala uko kushoto. Wewe uko kushoto. Gari likisimama, kati yake na ukingo panabaki upenyo unaoonekana kama umekatwa kwa ajili ya baiskeli yako. Ni mtego. Abiria anashuka kinyumenyume, mkono mmoja umeshika mlango, mwingine una mfuko wa sukari, na konda anarukia chini hata kabla gari halijasimama. Usipite hapo kamwe. Simama nyuma ya daladala mpaka wamalize, au tazama nyuma yako, onyesha mkono, upite kulia kwake ukiacha nafasi. Na ukipita kulia tegemea mtu kuchomoka mbele ya bampa anavuka, kwa sababu atachomoka.

Malori sasa. Unasema yanakubana mpaka pembeni. Sehemu kubwa ya kubanwa huko ni wewe mwenyewe unajibana. Ukiendesha juu kabisa ya ukingo wa lami, dereva wa lori nyuma yako anaona nafasi ya kupenya bila kupunguza mwendo, anapenya, na wewe huna pengine pa kwenda ila kwa watu. Kaa kama mita moja kutoka ukingoni. Hapo atalazimika kukuhesabu kama chombo, angoje nafasi ya kukupita. Utapigiwa honi. Vumilia. Mita ile moja ni akiba yako: akikupita karibu mno, una pa kusogea bila kumgonga mtu. Usiyumbeyumbe tu, wala usiingie na kutoka kila palipo gari limeegeshwa. Shika mstari mmoja unaotabirika.

Lakini nisikudanganye kwamba mita moja inatibu kila kitu. Barabara ya Pongwe yanakopita malori ya saruji, penye wembamba, kuna wakati malori mawili yanapishana na wewe upo katikati ya hesabu yao. Ukisikia linakuja nyuma na unaona jingine mbele, usingoje kusukumwa. Toka mapema, ukiwa umepunguza mwendo, simama kabisa nje, acha yapite. Hatari ni kutoka ukiwa mbioni: ukingo wa lami mwingi umelika, una mshuko wa kina cha kiganja kizima, gurudumu la mbele likishuka pale kwa mshazari linakatika upande, na wewe na mikate mnaangukia mtu anayetembea zake.

Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2023, watu kama milioni 1.19 wanakufa barabarani kila mwaka duniani. Asilimia 23 ni waenda kwa miguu, asilimia 6 ni wapanda baiskeli. Wewe na bibi mko kwenye kapu moja. Mnagombania futi mbili za ukingo kwa sababu waliojenga barabara hawakuwatengea chochote ninyi wawili, na hasira ile yote sokoni ilipaswa iende kwao. Hata hivyo nisiwasifu wanaojenga njia za baiskeli wakadhani kazi imekwisha. Dar es Salaam, mradi wa mabasi ya mwendokasi awamu ya kwanza, ulioanza kubeba abiria mwaka 2016, ulijengwa pamoja na njia za baiskeli na za miguu kandokando. Nenda leo ukaone: bodaboda wamo, meza za machinga zimo, na watu wanatembea kwenye njia ya baiskeli kwa sababu ndiyo iliyobaki wazi. Ukiendesha huko, alama ya baiskeli iliyochorwa chini haikupi haki ya kumkoromea mtu. Endesha kwa mwendo wa sokoni.

Njia ya waenda kwa miguu yenyewe, ile ya vitofali kando ya barabara: ushuke. Najua inakera. Lakini ukishashuka na kuikokota, unahesabiwa mwenda kwa miguu, na hakuna wa kukutoa. Ikokote kwa adabu: wewe uwe upande wa watu, baiskeli iwe upande wa barabara. Pedali ina meno, na muundi wa mtu hausahau. Sokoni kwenyewe, mita zote za mwisho, shuka tu. Baiskeli yenye mzigo ikienda polepole mno inayumba, haitulii, kwa hiyo hadithi ya kwamba utapenya taratibu ukiwa juu haiwezekani kimaumbile. Na shusha siti kidogo. Mtu anayefanya kazi penye watu anatakiwa aguse chini kwa mguu bila kuteremka.

Usiku, au alfajiri kama unavyotoka wewe, taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, na kiakisi nyuma kisichofunikwa na kreti. Kama dainamo imekufa, tochi iliyofungwa vizuri kwenye usukani inatosha, ielekee chini kama mita kadhaa mbele, isimmulike mtu machoni. Anayemulikwa machoni haoni mtaro. Kumbuka taa yako inakuonyesha wewe kwa wengine kuliko inavyokuonyesha njia. Mzee anayewahi alfajiri msikitini na kanzu nyeupe utamwona, mwenye shati jeusi utamfikia kabla hujamwona. Mwendo uende na mwanga ulio nao.

Ikitokea umemgusa mtu kweli, si kapu, simama. Usiondoke hata akisema hajaumia. Mtu mzima akianguka, nyonga na kichwa ndivyo vya kuogopa, na maumivu ya kichwa huchelewa. Akilalamikia shingo au mgongo, asinyanyuliwe na kundi la watu wema wanaomvuta kila mmoja kwake. Atulie, mtafute msaada, polisi wanapatikana kwa 112. Kituoni mtapewa PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Wengi wanakimbia kwa kuogopa kupigwa, na hofu hiyo naielewa, lakini anayebaki na kumpepea mgonjwa mara nyingi hapigwi. Na kwa habari ya nyanya: bibi yule ni mtu wa soko, anajulikana. Mwulizie, mlipe, mpe na mkate.

Binti wa miaka 12 sasa. Tanga hii wanawake wamepanda baiskeli miaka nenda rudi, na mabuibui yao, kwa hiyo usinipe habari ya kwamba ni msichana. Swali ni kama anaweza. Mpeleke uwanja wa shule Jumamosi asubuhi. Kwanza akae juu ya siti, vidole vya miguu yote miwili viguse chini. Baiskeli ya kukulia ndani yake ni ya mwaka kesho kutwa, siyo ya leo. Kisha mjaribu mambo manne. Atazame nyuma juu ya bega la kulia bila baiskeli kuhama mstari. Aendeshe kwa mkono mmoja akionyesha anakokwenda. Asimame kwenye mstari uliochora chini, asiupite. Na la nne, gumu kuliko yote: wewe na mama yake mtembee mbele yake mkizungumza, yeye awafuate nyuma bila kuwagusa wala kuwapigia kengele, mpaka mtakapompisha wenyewe. Akishindwa la nne, bado hajawa tayari kwa barabara hata kama anaendesha kwa kasi kuliko kaka zake.

Akiweza, itembeeni njia yote ya shule kwa miguu kwanza, saa ileile atakayokuwa anaipita. Mwonyeshe kituo cha daladala kiko wapi, kona isiyoona mbele iko wapi, mtaro uko wapi. Sehemu hizo akubaliane nawe kwamba atashuka, bila kujali marafiki wanasemaje. Sketi ifungwe isiingie kwenye cheni, begi likae keria, lisining'inie kwenye usukani. Na ashuke nje ya geti la shule, kabla ya kuingia, kwa sababu kengele ya shule ikilia watoto mia kadhaa wanatoka mbio na hakuna hata mmoja anayetazama pembeni.